Amani: Sayansi Inayoota Shambani

Tunda la msambu halichumwi, husubiriwa lianguke. Ni tunda kubwa la rangi ya kahawia, zito la kilo kadhaa, na mti wenyewe unaweza kufika mita 30, kwa hiyo likidondoka huwezi kukosa kulisikia. Wakazi wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, huyakusanya matunda hayo chini ya mti, huyarundika na kuyafunika kwa majani mpaka nyama yake ilainike, kisha huzikamua mbegu kutoka kwenye utelezi wake na kuzianika. Asiyewahi usiku, asubuhi atakuta panya buku ameshapita. Panya huyo mkubwa mwenye mifuko mashavuni hubeba mbegu na kuzifukia huku na kule kwa ajili ya njaa ya kesho. Nyingine huzisahau, na hizo ndizo humea. Ni panya wa jamii hiyohiyo anayefunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Ukimuuliza mkulima wa Amani habari za msambu, atakwambia kwanza kwamba kuna msambu dume na msambu jike. Dume huchanua kila mwaka na hazai hata tunda moja, ila asipokuwepo na majike hayazai. Tatizo ni kwamba mche mchanga hautambuliki, na miaka inapita kabla haujachanua. Tena mbegu yake ni nzito kuota: wengine hungoja mwaka mzima, na zaidi. Mtu apande, apalilie, asubiri, kisha agundue kwamba nusu ya shamba lake ni madume! Dawa iliyopatikana ni kubebesha. Hukatwa kikonyo cha mti jike unaojulikana kwa kuzaa vizuri, kikabebeshwa juu ya mche uliooteshwa kwa mbegu, na mkulima akajua tangu siku ya kwanza anachokipanda. Watafiti walileta kisu na utaratibu. Kujua ni mti upi msituni huzaa matunda makubwa kila msimu, hilo walielekezwa na wenyeji.

Mafuta ya mbegu hizo huganda kwenye joto la kawaida la nyumba, wala hayahitaji kupitishwa kiwandani ili yagande kama yanavyofanyiwa mafuta mengi ya mimea. Hiyo ndiyo sababu kampuni za Ulaya zilianza kuyatafuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya siagi ya mimea na sabuni, na 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu yatumike kwenye vyakula vya kupaka mkate. Wanawake wa Usambara walikuwa wakiyapikia zamani sana.

Naanza na msambu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo limekuwa likijirudia Amani kwa zaidi ya miaka 100. Mlima huu umetoa elimu nyingi kuliko inavyofikiriwa na wengi wetu, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ilianzia kwenye macho ya watu wanaoishi hapa. Ilipokwisha kuandikwa vitabuni, ilishuka mlima, ikapanda meli, na mara nyingi haikurudi.

Kwanza tuelewe mlima wenyewe. Usambara Mashariki iko karibu na bahari. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hufika umebeba unyevu, hugonga miteremko, hupanda juu, na hewa ikipanda hupoa. Ikipoa haiwezi tena kuubeba mvuke wote, ndipo ukungu unaposhuka na mvua kunyesha. Amani, iliyo mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Milima hii ni sehemu ya mnyororo wa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Bara lilipokauka mara kwa mara katika mamilioni ya miaka iliyopita, bahari iliendelea kuinywesha milima hii, na misitu yake ikabaki. Lakini ilibaki imetengana, kila mlima peke yake, na viumbe wa kila mlima wakachukua njia yao. Kuna chura hapa Amani ambaye hatagi mayai majini: watoto hukua tumboni mwa mama na huzaliwa wakiwa vyura kamili, wadogo sana. Vyura wa jamii yake wanapatikana Tanzania tu, kwingine popote duniani hawapo. Wapo vinyonga wenye pembe tatu, na yupo bundi mkubwa wa Usambara.

Na kuna ua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika eneo hili, aliona mimea midogo yenye maua ya zambarau ikiota kwenye vivuli vya miamba, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 ikapewa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo maua hayo yanakaa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, yakizalishwa kwa rangi ambazo hata hazikuwepo mlimani. Wazazi wake bado wako hapa, wameng'ang'ania miamba yenye majimaji, na wakikatiwa miti inayowapa kivuli hukauka.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe, pamoja na bustani ya mimea iliyokuja kuwa mojawapo ya kubwa kabisa barani Afrika. Walijaribu kahawa, mpira, viungo, na miti ya kwinini, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari za Waingereza zilipofunga bahari, dawa ya malaria ya jeshi la Wajerumani ilitengenezwa hapahapa kwa magome ya miti hiyo. Baada ya vita Waingereza walikichukua kituo. Na kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kufanyika kwenye kilima hiki ilihusu zao ambalo wakoloni hawakulinywea chai wala kuliuza London: muhogo.

Mtafiti aitwaye H. H. Storey alifika Amani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mashamba ya muhogo ya Tanganyika yalikuwa yakisumbuliwa na batobato, ule ugonjwa unaoyakunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Mwaka 1936 Storey akaueleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia. Huu ni mbaya kwa namna yake. Batobato unauona ukipita njiani. Michirizi ya kahawia hukaa kwenye majani ya chini, ya zamani, ambayo kwa vyovyote yangekuwa yananyauka, na shina likaonekana zima, mkulima akawa na matumaini mpaka siku ya kuchimba. Anaukata muhogo kwa panga na kukuta ndani mabaka makavu, magumu, ya rangi ya kahawia. Hauliki, hausagiki. Virusi vya magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa jani, lakini huenezwa zaidi na sisi wenyewe tunapokata pingili kutoka kwenye shina gonjwa na kumpa jirani mbegu.

Storey na mwenzake Nichols walijaribu kuchanganya muhogo na ndugu zake wa mbali, ukiwemo mti wa mpira aina ya manihoti. Mti wa mpira unastahimili magonjwa hayo lakini mizizi yake haina cha kupikwa. Watoto wa mchanganyiko wa kwanza walikuwa na afya na mizizi kama kamba. Wakawarudisha kwa muhogo tena, na tena, na mara ya tatu, mpaka ikapatikana miche yenye uvumilivu wa mti wa mpira na mizizi ya muhogo. Kazi ilichukua miaka mingi na iliendelezwa na wengine hadi miaka ya 1950. Kituo chenyewe kilihamishiwa Muguga nchini Kenya, mbegu zikasambaa mikononi mwa wakulima, na wengi wakasahau zilikotoka.

Wakulima hawakuzipoteza. Pwani ya Kenya kuna muhogo uitwao Kaleso, na kusini mwa Tanzania kuna uitwao Namikonga, unaojulikana kwa kustahimili michirizi ya kahawia. Wataalamu walipochunguza vinasaba walikuta ni kitu kimoja, mche wa Amani wenye namba 46106/27. Kwa zaidi ya nusu karne, bila ofisi ya mbegu wala cheti, wakulima wa kawaida walikuwa wakichagua pingili nzuri, wakipeana, wakazipa majina yao. Leo wazalishaji wa mbegu wanaitumia Namikonga kama mzazi wa aina mpya. Isingekuwa macho ya wakulima hao, maabara za leo zingekuwa zimekosa pa kuanzia.

Hadithi ya ndege inafanana na hiyo. Reginald Moreau alikuja Amani 1928, mtu wa hesabu za serikali asiye na shahada ya elimu ya viumbe, akakaa hadi 1946. Yeye na mkewe Winifred walikuwa na swali moja rahisi: kwa nini ndege wa nchi za joto hutaga mayai machache kuliko ndege wa Ulaya? Ili kujibu, mtu lazima akae chini ya kiota tangu alfajiri hadi jioni na kuandika kila mara mzazi anaporudi na chakula. Sehemu kubwa ya kukaa huko ilifanywa na Waafrika. Mmoja wao, Salimu Asmani, alikuwa mjuzi wa ndege ambaye Moreau alimtegemea sana msituni. Makala ya Moreau ya 1944 kuhusu idadi ya mayai bado inatajwa vyuoni duniani kote. Jina la Salimu Asmani halijulikani hata kwa wanafunzi wa Muheza, na hilo linaniuma.

Miongoni mwa ndege waliochunguzwa vizuri Amani ni hondohondo, yule mweusi na mweupe mwenye pembe kubwa juu ya mdomo, ambaye mabawa yake husikika yakivuma kabla hujamwona. Jike huingia kwenye shimo la mti, dume humletea udongo, na jike huziba mlango kwa ndani mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo hutaga, huatamia na kulea kwa zaidi ya miezi mitatu bila kutoka. Dume hulisha familia yote kwa kusafirisha matunda kwenye koo na kuyatapika moja moja kwenye ufa. Ukitaka kujua amekula nini, tazama chini ya mti: mbegu zimejaa, na nyingine zimeshaota.

Na hapo ndipo pana kisa cha musizi. Mti huu wa asili ya Uganda na maeneo ya Ziwa Victoria uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita kwa majaribio. Hukua haraka ajabu. Kwa miaka mingi ulikaa kimya, mpaka wavuna mbao walipofungua msitu katika miaka ya 1960 na 1970. Penye mwanga musizi ukaingia. Hondohondo anayapenda matunda yake, akala na kupeleka mbegu kilomita kadhaa hadi katikati ya msitu mkongwe. Leo uko kila upande. Wanasayansi wamebishana juu yake kwa miongo: wengine wanasema unausonga msitu wa asili, wengine wanasema unafunika majeraha ya uvunaji. Mkulima wa iliki ana jibu lake la kila siku. Iliki yataka kivuli, musizi hutoa kivuli upesi, na mbao zake zinauzika. Ila chini ya musizi udongo hubadilika na miche ya miti mingine haifanyi vizuri. Mimi naona mjadala huo ungekwenda haraka zaidi kama wakulima wangeingizwa tangu mwanzo, kwa kuwa wao ndio walioishi chini ya miti hiyo tangu ikiwa miche.

Sasa vipepeo. Mwenye mndimu au mchungwa uani, na Muheza ni nchi ya machungwa, atazame majani machanga. Atakuta kitu kinachofanana kabisa na kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe. Akigusa kwa kijiti kitasogea. Ni kiwavi mchanga wa kipepeo mkubwa wa michungwa. Anajifananisha na uchafu ili ndege asimtamani. Akikua hubadilika kuwa wa kijani, na ukimsumbua hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali ya limau lililooza. Wengi huwaponda viwavi hao, na kwenye kitalu cha michungwa wana haki, maana wanamaliza miche. Lakini Amani, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wanavijiji walianza kuwafuga jamaa zao.

Ufugaji huo unahitaji elimu ya mimea ambayo wahitimu wengi wa vyuo hawana. Kila kipepeo ana mmea wake, au mimea yake michache, na jike hatatagia mwingine. Mfugaji lazima aujue mmea huo msituni, achukue mbegu au vipandikizi, aupande karibu na nyumba, ajenge kibanda cha wavu, amweke jike ndani, akusanye mayai, awalishe viwavi majani mabichi kila siku, awalinde na sisimizi na nyigu, na kiwavi akijifunga na kuwa pupa, ahesabu siku. Pupa ndiye anayeuzwa. Lazima afike Ulaya au Marekani, kwenye nyumba za maonyesho, kabla hajapasuka.

Yupo kipepeo mmoja anayewashangaza wageni wote. Jina lake la kisayansi ni Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu na mweusi, mwenye mikia mirefu kwenye mabawa. Majike wa msitu huu hawana mikia na hawafanani na dume hata kidogo. Wala hawafanani wao kwa wao. Mmoja ni mweusi mwenye madoa meupe, mwingine ana rangi ya machungwa, na mayai ya mama mmoja yanaweza kutoa sura mbalimbali. Karibu kila sura ni nakala ya kipepeo wa jamii nyingine ambaye ndege hawamli kwa sababu utotoni hula majani yenye sumu. Jike wa dardanus hana sumu yoyote, anaazima sura tu. Mfugaji wa Amani anayafahamu haya kwa kuyaona ndani ya wavu wake.

Na huu si mchezo wa watoto. Uingereza, huko Liverpool, daktari aitwaye Cyril Clarke na mwenzake Philip Sheppard walitumia vipepeo wa Kiafrika wa jamii hii kuchunguza jinsi rangi zinavyorithiwa. Fikra hizo ndizo zilizomfikisha Clarke kwenye tatizo la mama mwenye damu ya kundi hasi anayebeba mtoto wa kundi chanya. Sindano ya anti-D inayotolewa leo kwa akina mama hospitalini, inayozuia mwili wa mama kumdhuru mtoto wa mimba inayofuata, inatokana kwa sehemu na kazi ya kundi lake la Liverpool.

Kwa wanavijiji wa Amani faida ilikuwa ya karibu zaidi: ada za shule, mabati, akiba. Utafiti uliochapishwa 2010 uligundua kwamba wafugaji wa vipepeo walishiriki katika kuhifadhi msitu zaidi kuliko majirani zao wasiofuga. Inaeleweka. Mtu ambaye mmea wa kipepeo wake uko msituni haoni haya kumkemea anayewasha moto. Kisha Machi 2016 Serikali ikazuia kusafirisha nje wanyamapori hai. Sababu ilikuwa nzito, nchi ilikuwa imeibiwa wanyama waziwazi, na hakuna mzalendo atakayelaumu nia hiyo. Lakini zuio halikutofautisha mnyama aliyenaswa porini na pupa aliyetokana na yai lililotagwa ndani ya wavu uani. Vipepeo wakapasuka vibandani bila mnunuzi, na mabanda mengi yakachakaa.

Msitu wa Amani ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, wa kwanza wa aina hiyo nchini, na maji yake yanashuka kwa mto Zigi hadi kwenye mabomba ya jiji la Tanga. Kila anayekunywa maji Tanga ana deni kwa watu wanaoishi kwenye chanzo. Deni hilo halilipwi kwa semina. Kanuni za biashara ya viumbe zitenganishe kinachofugwa na kinachowindwa, na mfugaji wa vipepeo wa Amani aitwe zinapoandikwa, si baada ya kutangazwa. Kila mtafiti anayepewa kibali cha kuingia msitu huu, awe anatoka Dar es Salaam au ng'ambo, adaiwe nakala ya matokeo yake kwa Kiswahili, isomwe kwenye mkutano wa kijiji na ibaki kwenye shule ya kijiji. Na wasaidizi wa msituni, warithi wa Salimu Asmani, majina yao yaandikwe kwenye kazi walizozifanya.